Mishale Minne Iliyokubaliana

Satellite, Nairobi
9 Septemba 2024

Nabiha,

Umepika mayai ya watu. Sisemi yameharibika, sisemi yamekataa kutoa vifaranga. Nasema yamepikwa, na lau ningekuwa na chumvi mkononi ningeyala. Mashine ya kutotolea uliyoniundia kwa maneno yote yale, "bibi, hii haitakuangusha," imeniangusha mbele ya majirani, nami si mtu wa kuangushwa mbele ya watu.

Sasa salamu, usije ukasema bibi yako hana adabu. Mimi sijambo. Goti la kushoto ndilo lenye jambo. Ami yako Athman mzima kule kwake Kitisuru, ameweka zulia jengine sebuleni, jeupe, sasa wanapita pembeni mwa ukuta kama wezi. Paka wa jirani yetu Kasyoki amezaa chini ya cherehani, na Kasyoki hawezi kushona sare za skuli kwa kuogopa kumkanyaga. Maji yanakuja yanapotaka.

Sasa nisikilize. Wahu alileta mayai yake ya kienyeji, Kasyoki akaleta yake, nikayapokea kwa mkono wangu nikasema hii ni amana, wiki tatu mje mchukue vifaranga. Wiki tatu zimekwisha, kimya. Nikavunja moja. Wahu akachungulia, akaniita bibi kwa Kikuyu chake, "Cucu, hii yangu imeiva." Akacheka. Kasyoki hakucheka. Alichukua trei yake tupu akaenda zake, na mimi ningependa anitukane kuliko vile alivyonitazama.

Wala usinambie niliongeza moto. Joto lilisimama pale pale uliposema, thelathini na saba na nusu. Mimi nikilala naliona, nikiamka naliona. Wahu akikoroga uji jikoni kwake analiona. Mshale wa kipimo haukutikisika.

Usinipigie simu, nimeizima. Neno la simu ukilitaka kesho hulipati. Yako nayataka kwenye karatasi, yakae mezani nikuulize moja moja. Nimesoma mpaka darasa la tatu tu lakini kusoma uongo wa mjukuu wangu hakuhitaji la nne. Barua hii naipeleka mwenyewe ofisi ya mabasi, huko nyuma ya River Road, ikufikie Lodwar kwa gari la usiku.

Lete maelezo. Pole ninazo za kutosha.

Bibi yako,
Salme binti Shee


Lodwar
20 Septemba 2024

Bibi, shikamoo.

Barua imefika ikiwa na vumbi la barabara yote. Mimi sijambo. Kazi ya visima inakwenda, tumefunga pampu za sola mbili, na ya tatu mbuzi wamekula waya. Si mzaha, wameutafuna mpaka kwenye shaba. Jua la huku linakupiga hata ukiwa ndani. Ukimwona Wahu mwambie asante kwa ile kashata ya njugu, ilifika ikiwa unga nikaila na kijiko.

Habari ya mayai imenichoma. Nilipoiacha mashine Aprili niliijaribu kwa mayai ya kuku wako mwenyewe na vifaranga wakatoka, uliwaona. Kwa hivyo naomba unijibu haya bila kukasirika. Balbu ni zile zile nne? Umeme ulikatika? Kuna kitu chochote kilichoongezwa? Hata kidogo, hata waya?

Bibi, jambo moja linanisumbua. Mashine iko bandani nyuma ya nyumba, na mshale wake umebandikwa kwenye sanduku lenyewe. Sijaelewa unauonaje ukiwa kitandani.

Mjukuu wako,
Nabiha


Satellite
2 Oktoba 2024

Nabiha,

Umejifunza wapi kumhoji bibi yako kama askari wa lango? Hivyo ndivyo mnavyoongea na wakubwa huko kwa mbuzi wanaokula waya?

Sijambo. Goti limelala kidogo. Wahu anasema kashata haikuwa unga, ni meno yako. Juzi Athman alinichukua kunipeleka kwake nikale mchana, akaniweka kwenye kiti kinachoinua miguu chenyewe, sikukiomba. Nilikaa pale kama maiti anayesubiri kuoshwa. Vijana wa jikoni hawakuniachia hata kumenya kitunguu.

Balbu ni zile zile. Umeme haukukatika. Sanduku liko vile vile ulivyoliacha, sikuligusa, nimelipangusa tu vumbi. Umeridhika?

Nakwambia tena na hii ni mara ya mwisho: joto lilikuwa sawa. Wa kitandani, wa jikoni kwa Wahu, wa kwa Kasyoki na wa kwenye sanduku, yote ilisema neno moja. Mashahidi wanne wakikubaliana hata kadhi hana la kuongeza. Basi hukumu ni kwamba umekosea weye. Tengeneza.

Na hujanijibu lile nililokuuliza Idi, la posa ya yule kijana Ridhaa. Mama yake ameniuliza tena.

Salme binti Shee


Lodwar
11 Oktoba 2024

Bibi, shikamoo tena, na hii ya pili ni ya kuomba radhi kabla.

Kwa nini uligeuza shahidi mmoja kuwa wanne? Mimi nilikuacha na mshale mmoja.

Sasa nimeelewa. Umempata fundi akavuta nyaya kutoka mashine, moja chumbani kwako, moja kwa Wahu, moja kwa Kasyoki, kila mtu na mshale wake. Sikulaumu. Ila lazima ujue kilichotokea.

Ndani ya mashine kuna kijicho cha kupima joto. Kikipata joto kinatoa umeme mdogo, joto likizidi na umeme unazidi. Umeme huo ndio unaoonyeshwa na mshale, na ndio huo huo unaoiambia mashine izime balbu. Lakini kijicho ni dhaifu, bibi. Kina sauti ya mgonjwa. Kila mshale unaouongeza unakinywa kidogo ili uweze kusogea. Mishale mitatu ikinywa, umeme unashuka. Mashine inadhani kuna baridi, inaacha balbu ziwake. Joto linapanda mpaka umeme ule uliopungua urudi kwenye thelathini na saba na nusu, na hapo mishale yote minne inakubaliana, kwa sababu yote imeambiwa na kijicho kimoja kilichokwisha chokeshwa. Mashahidi wako wanne wamesimuliwa na mtu mmoja.

Usiniamini. Chukua kile kipimajoto cha kioo cha homa, kitie ndani ya sanduku, kisha uchomoe waya mmoja baada ya mwengine, utazame. Ukimaliza, toa mishale yote mitatu na mashine itakuwa kama zamani.

La Ridhaa nitalijibu nikipata nafasi.

Nabiha


Satellite
19 Oktoba 2024

Nabiha mjukuu wangu,

Hukukosea. Nimeliandika mara moja, usilisome mara mbili.

Nilitia kipimajoto ndani. Mishale ilisema thelathini na saba na nusu, kioo kikasema arobaini imepita. Nikasimama uani, Wahu mlangoni kwake, Kasyoki dirishani kwake. Nikamwambia Kasyoki chomoa. Kachomoa, na hapo hapo mshale wa Wahu ukaruka juu, akapiga yowe, na bandani nikaona balbu zinazima. Kasyoki anasema, "Sasa ni mimi nilipika mayai ya kila mtu?" Nikamwambia ni sisi sote.

Mimi nilikaa kitako kwenye ndoo nikamkumbuka mama yangu kule Lamu. Asubuhi tulikuwa tunapaliana moto. Jirani anakuja na kipande cha chungu, anachukua kaa moja, anakwenda kuwasha kwake. Kaa moja si kitu, huwezi kumnyima. Wakija watatu, wanne, maharagwe yako hayaivi, na hakuna aliyekuibia. Ndivyo nilivyokifanya kijicho chako. Ungesema moto na makaa tangu mwanzo, ningekuelewa Aprili.

Waya alivuta Mwaura, yule mwenye duka la mita za umeme River Road. Alisema hakuna shida. Lakini mimi ndiye niliyemwita, kwa hivyo usimtumie maneno.

Sasa, kuitoa mishale siitoi. Wahu na Kasyoki wameniambia wazi: bila kuona kwa macho yao hawaleti yai. Na wana haki. Amana iliyokwisha pikwa mara moja hairudi kwa kuapiwa. Na goti langu haliniruhusu kwenda bandani kila saa. Nataka mishale mitatu, na nataka kijicho kisichoke. Hiyo ndiyo kazi yako, ndiyo sababu tulikupeleka chuo.

Na kuna jambo jengine, nikuambie kwa vile lazima. Athman anataka nihamie Kitisuru. Anasema nyumba ya Satellite ipangishwe, kuku wauzwe, nikapumzike. Nilipokataa alisema, "Mama, hata mayai yamekushinda." Mbele ya mkewe. Nikamjibu kwamba natia mayai mengine, na yasipotoa vifaranga nitafunga virago vyangu mwenyewe bila kuvutwa. Nimeshalitema, silimezi.

Kwa hivyo bila mashine nzima mimi ni mtu wa kiti kile kinachoinua miguu. Fanya haraka. Na neno hili la nyaya asilijue Athman. Anajua mayai yameharibika, hajui kwa nini. Nimekuambia weye peke yako.

Bibi yako


Lodwar
24 Novemba 2024

Bibi, shikamoo.

Natumaini goti limetulia na watoto wa paka wamefumbua macho. Huku mvua imenyesha mara moja, mto uliokuwa mchanga umekuwa mto, kisha ukawa mchanga tena. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi.

Ndani ya bahasha hii ya parseli kuna kibao kidogo nimekifungia kwenye kopo la majani ya chai. Usikitupe ukidhani ni kopo tupu. Kina chipu moja ya miguu kumi na minne, na ndani ya chipu hiyo wamo wasemaji wanne.

Unakumbuka sala ya Idi tukiwa wengi mpaka nje? Imamu akisema takbira sauti yake haiwafikii wanawake wa nyuma. Anasimama mubaligh katikati, anamsikiliza imamu, anairudia takbira ile ile kwa pumzi yake mwenyewe. Haongezi neno, hapunguzi, na imamu hachoki hata wakiwa mubaligh kumi, kwa sababu kusikilizwa hakumli mtu pumzi. Hawa wanne ndio hivyo. Wanamsikiliza kijicho bila kumnywa, kisha kila mmoja anapaza sauti kwa umeme wa kutoka ukutani na kuupeleka kwa mshale wake.

Mwambie Mwaura waya wa kijicho uingie upande wenye rangi nyekundu. Mshale wa sanduku na swichi ya balbu viachwe vilivyo. Nyaya tatu za nyumba kila moja itoke kwenye tundu lake, na mbili zisiunganishwe tundu moja hata akisema ni sawa. Kwenye kila tundu nimeweka kizuizi, waya wa nyumba moja ukiharibika zile nyengine zisijue. Tundu la nne libaki wazi.

Kabla ya kutia yai, pima na kioo.

Nabiha


Satellite
3 Desemba 2024

Nabiha,

Ulipewa haraka ukaleta wiki tano. Kopo limefika. Wahu alidhani ni chai, alikuwa ameshamimina sukari kabla sijamzuia, lakini iliishia juu ya mfuniko tu.

Mwaura alikuja Ijumaa baada ya sala na kisanduku chake na maringo yake. Akakigeuza kibao, akasema, "Cucu, hii kitu ni ya nini? Waya ni waya." Nikamuuliza, "Wewe kanisani kwenu pasta akihubiri, wa nje wanasikiaje?" Akasema, "Kuna spika." Nikamwambia, "Basi hizi ndizo spika, funga." Kafunga. Alitaka kuchangia tundu moja wa Wahu na wa Kasyoki, eti kuokoa waya. Nilimpiga mkono kwa mwiko.

Nimepima. Kioo kinasema thelathini na saba na nusu na mishale inasema vivyo hivyo. Nikamwambia Kasyoki achomoe: hakuna kilichoruka. Achomeke: hakuna kilichoshuka. Nimechomoa wangu mwenyewe, nikachomeka, nikachomoa. Wahu akaniuliza kama ninacheza. Nilikuwa nacheza. Jana tumetia mayai, ya Wahu, ya Kasyoki, na yangu machache. Kasyoki ameleta trei ile ile, akaiweka chini taratibu.

Haya, hilo limekwisha. Sasa tukae sote wawili tutazamane.

Jumapili ya katikati ya mwezi uliopita Athman alikuja. Hakukaa. Akanambia, "Mama, kama umefikia hadi ya kuungia majirani nyaya za umeme, hapo si mahali pako tena." Nyaya, Nabiha. Mimi sikumwambia. Wahu haijui nambari yake. Kasyoki hasemi hata akiulizwa njia. Nilimwambia mtu mmoja duniani, nikamwandikia kwa mkono wangu mwenyewe, nikaipeleka barua hadi dirisha la ofisi ya mabasi.

Na mtu huyo kazi zikawa nyingi kwa wiki tano.

Sitaki radhi. Nataka jibu.

Salme binti Shee


Lodwar
14 Desemba 2024

Bibi,

Ami Athman alinipigia. Aliniuliza hasa mayai yaliharibikaje, nami nikamweleza, nikidhani ninakutetea: nikasema mashine haina kosa, ni nyaya. Akasema vizuri, basi usiitengeneze. Akasema ulianguka karibu na banda mwezi wa Agosti, ukalala pale mpaka Wahu alipokuja kuanika nguo, na kwamba hukumwambia mtu, yeye akaja kusikia kwa watu. Akasema kila nikikutengenezea mashine ninakutengenezea pa kuangukia.

Kibao nilikuwa nimekimaliza mwisho wa Oktoba. Kilikaa dirishani. Sikumwambia ndiyo, sikumwambia la. Nilikitazama kila siku nikitoka, na kila siku nikajiambia kesho. Kisha nikakumbuka ulivyoandika "maiti anayesubiri kuoshwa," nikakitia koponi.

Hukunambia ulianguka.

Mayai yanaendaje?

Nabiha


Satellite
4 Januari 2025

Nabiha,

Niliteleza. Kuku huteleza, mbuzi wako huteleza, rais huteleza. Nililala chini kidogo kwa sababu jua lilikuwa zuri na sikuwa na haraka. Hilo limekwisha na barua hii, asilirudie mtu.

Nimeiweka barua yako chini ya mto siku nyingi kabla ya kujibu, nikikasirika nayo nikiisoma. Sasa hasira imeisha, limebaki goti. Sote hatujambo. Wahu anakusalimu. Mama yake Ridhaa amenambia kijana ameposa Malindi, basi umepona kujibu.

Sasa nikusimulie. Siku ya vifaranga kutoka ilikuwa Jumatatu, na Athman akaja na pikapu. Pikapu tupu, Nabiha, na vijana wawili wa kubebea kitanda. Alikuwa ameahidi na mimi nilikuwa nimeahidi, hatuna wa kumlaumu. Nikamwambia kaa kitako, mayai hayatoki kwa kutazamwa na dereva. Akakaa barazani, miguu yake mirefu, akanywa kahawa. Wahu naye akaja, akasema, "Aiya Athman, umeleta lori kuchukua vifaranga? Ni wengi hivyo?" Athman akatazama chini.

Tukiwa hapo tukasikia Kasyoki anapiga kelele. "Imeanguka! Yangu imeanguka sifuri!" Akatoka kwenye cherehani mbio, kitambaa bado kimemnasa mguuni, akasema mayai yamekufa, mashine imezima. Athman akasimama. Nilimwona usoni kwamba ameshaanza kukunja godoro langu.

Nikamwambia, "Kaa." Nikamuuliza Wahu, wako? Akakimbia jikoni, akarudi, "Yangu iko tu sawa." Nikaingia chumbani, wangu uko sawa. Tukaenda bandani sote, na Athman akanishika mkono njiani, nikamwachia kwa vile palikuwa na tope. Kioo: thelathini na saba na nusu. Balbu zinawaka na kuzima kama zilivyofundishwa. Kisha Kasyoki kwa nyuma akasema, "Woi, ni huyu." Na tukamwona mmoja wa wale watoto wa paka, sasa ni jitu zima, amekaa mlangoni pa Kasyoki na waya mdomoni. Ameutafuna mpaka nyuzi mbili zimegusana.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mbuzi wako na paka wake, wamesoma skuli moja.

Nikamweleza Athman. Nikamwambia zamani paka huyu angetuulia mayai yote, kwa sababu kijicho kilikuwa kinanywewa na kila mtu, mmoja akiharibu, wote wameharibikiwa. Sasa Kasyoki ana mubaligh wake peke yake. Sauti ya mubaligh huyo imekatika, imamu hajui, safu nyengine zinaendelea na sala. Akasema, "Nani amekufundisha haya?" Nikamwambia mtoto wa ndugu yako, yule uliyemwambia asilete kibao. Hapo aliinama akajifanya anasoma kioo.

Na tukiwa tumeinama hivyo, ndani ya sanduku kukawa na sauti. Yai la Kasyoki ndilo lilitangulia. Tundu dogo, kisha mdomo, kisha mtu mzima ametoka amelowa, mbaya sana, mzuri sana. Kasyoki alikaa chini kwenye tope na sare ya watu, akasema jina langu tu, "Bi Salme." Sijapata kumsikia akilitaja. Mpaka magharibi walikuwa wametoka karibu wote. Mawili ya Wahu yalikataa, Wahu akasema hayo ni ya jogoo mvivu.

Pikapu ikarudi Kitisuru na trei ya vifaranga ya watoto wa Athman. Sijui watafuga wapi, kwenye lile zulia labda.

Lakini Nabiha, alipokuwa anaondoka alinishika mkono tena pale pasipo na tope. Akasema, "Mama, mimi sitaki kukuhamisha. Nataka kujua tu kama u mzima. Nikikaa kule sijui." Sikumjibu, kwa sababu ningelia na yeye angenipakia garini. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na jibu lake ninalo. Kujua hali ya mtu si lazima umvute. Amekuwa akininywa bila kukusudia, kama ile mishale.

Kwa hivyo sikiliza na ufanye kama ninavyosema. Tundu la nne liko wazi. Kitafutie kile kijicho kaka, cha kukaa si kwenye mayai bali kwenye kizingiti cha banda na cha jiko langu, mahali ninapopita mimi kila asubuhi. Nikipita mshale unyanyuke. Mshale wenyewe uwe Kitisuru, sebuleni kwake, mbele ya kile kiti. Kama waya haufiki huko tumia hewa, nimesikia mnaweza. Ukinyanyuka asubuhi, anywe chai yake aende kazini. Usiponyanyuka, aje, na nitamfungulia mlango bila kelele. Asinipigie kuniuliza nimekula nini.

Usitume kwa kopo. Omba ruhusa, panda basi, uje ukifunge kwa mkono wako kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Mwaura atavuta waya, na ngazi nitamshikia mwenyewe. Na ukija pitia kwa Kasyoki kwanza umpe mkono, kisha ununue waya mgumu ambao paka hali.

Bibi yako,
Salme binti Shee